Sikio la Gunia

Kielelezo kililiwa Jumapili, kwa maharage, na wageni wakaomba kuongezewa.

Loisi aliyatamka hayo Jumanne asubuhi kwenye korido ya mahakama, pale Vwawa, amesimama wima kama mtu anayesoma tangazo la msiba kanisani. Mbele yake alikuwa Diana, Wakili wa Serikali, binti mwembamba mwenye joho mkononi na faili kifuani. Nikodemo, mume wa Loisi, ambaye kesi yote ilimhusu yeye, alikuwa ameketi kwenye benchi akitazama viatu vya kuazima. Viatu vilikuwa vya shemeji yake. Shemeji yake alikuwa mmoja wa waliokula kielelezo.

"Mama, lile gunia," Diana alisema polepole. "Lile tulilokubaliana ulilete leo likiwa vilevile lilivyoshonwa."

"Nimelileta."

Loisi akafungua kitenge, akatoa gunia lililofuliwa, likaanikwa, likakunjwa mara nne. Lilikuwa safi kuliko gunia lolote linavyohitaji kuwa, na lilinukia sabuni ya mche.

Ikabidi aeleze. Jumapili ukoo ulikutana kwao Itumba kujadili kama kesi iendelee au ifutwe. Mshitakiwa, Bwana Gibson, mwenye godauni la nafaka Tunduma, alikuwa amemtuma mzee wa kanisa na salamu zake: mabati thelathini, mbuzi mmoja, na yaishe kifamilia. Watu kumi na mmoja wakaja kulijadili jambo hilo zito, na watu wanaojadili jambo zito sharti wale. Ilikuwa Februari, mwezi ambao mahindi ya mwaka jana yamekwisha na ya mwaka huu bado yako shambani yanaota ndevu. Unga ndani ulikuwa wa watu wanne. Kwenye kona gunia lilisimama tangu Oktoba, limejaa, halijaguswa. Loisi akawaza kwamba sheria inalitaka gunia, sasa mahindi yana kosa gani? Akalifungua, akapeleka mashineni, akapika, unga uliobaki akautia kwenye ndoo. Kisha, kwa kuwa gunia lilikuwa linakwenda kusimama mbele ya Mheshimiwa, akalifua.

Wageni walishiba, wakakubaliana kwa kauli moja kwamba mabati ni mazuri. Nikodemo, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, akasema hapana. Walimsubiri aongeze neno, wakachoka, wakaaga.

"Lakini picha ipo," Loisi alimkumbusha wakili. "Mpelelezi alipiga."

Picha ilikuwepo, na Diana alikuwa ameitazama mara nyingi kuliko alivyopenda. Ilimwonyesha Loisi amenyooka, mikono ubavuni, kitambaa kipya kichwani, ameliziba gunia lote, likabaki kitako tu. Mpelelezi alikuwa amemwomba asogee. Alisogea, akaja katikati zaidi. Mtu hapigwi picha akiwa pembeni.

Diana akakaa kwenye benchi. Ushahidi wa kwamba Nikodemo alifanya kazi kwa Gibson ulikuwa kwenye mdomo wa gunia lile, na mdomo sasa ulikuwa wazi na unanukia sabuni.

"Baba," akamwambia Nikodemo, "nieleze tena. Gunia lako linatofautianaje na la mtu mwingine?"

Nikodemo alikuwa na miaka hamsini na minne, na katika miaka hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo mara mbili. Alikohoa. Alieleza kwamba yeye ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo hushona kutoka kulia kwenda kushoto. Kwamba baba yake, aliyeshona magunia ya kahawa ya ushirika kule Ileje, alikuwa na watoto tisa na gunia moja la karanga, na kwa sababu hiyo alibuni namna ya kumalizia. Ile pembe ya gunia, ambayo washonaji huiita sikio, yeye aliikunja kwa nyuma mara mbili na kuuficha mkia wa uzi ndani ya mkunjo. Watoto walitafuta mkia wasiuone. Baba alitia kidole, akavuta mara moja, gunia likafunguka lote na uzi ukatoka mzima.

"Na asiyejua?"

"Asiyejua huchukua kisu."

"Wanaojua ni nani?"

Nikodemo akahesabu kwa vidole. Ndugu zake waliobaki wanne, mke wake, mwanawe Edson. Akafika kidole cha saba, akasita.

"Na Shadrack," alisema. "Msimamizi wa godauni. Yeye nilimfundisha mwenyewe. Alikuwa akikata kwa kisu, anaharibu mfuko, halafu ananichapa mimi kwa kuharibu mfuko."

Diana hakuandika kitu. Alilitazama gunia safi, akamuuliza Loisi kama anamfahamu mtu yeyote hapo Vwawa mwenye debe mbili za mahindi za kuazima kwa siku moja.

*

Jinsi Nikodemo alivyofika mikononi mwa Gibson ni hadithi ambayo yeye mwenyewe aliisimulia kwa haya, kwa kuwa ilimfanya aonekane mjinga, na mtu mzima afadhali aonekane mgonjwa.

Mwezi wa tatu mwaka uliopita, mtu mmoja mwenye koti zuri alifika Itumba akitafuta wazee waaminifu wa kulinda shamba upande wa Zambia. Mshahara wa kila mwezi, chumba, chakula. Nikodemo alitaka kuezeka nyumba. Alipanda lori pamoja na wenzake wawili, wakafunikwa turubai kwa maelezo kwamba mvua inakuja. Mvua haikuja. Walipofunuliwa walikuwa ndani ya ua wenye ukuta mrefu na geti la chuma, na nje ya ukuta watu walikuwa wakizungumza Kibemba na kutajiana bei kwa kwacha. Simu zao zilichukuliwa zikachajiwe. Vitambulisho vilichukuliwa vikaandikishwe. Hakuna kilichorudi.

Gibson aliwaambia wapo Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wamevuka bila muhuri. Wakitia pua nje ya geti, polisi wa Zambia watawafunga, na yeye hatakuwa na la kuwasaidia.

Kwa hiyo Nikodemo alishona. Alishona mahindi, mpunga, alizeti, na lumbesa zilizotuna kama wajawazito wa miezi kumi, ambazo kuzifunga mdomo ni kazi ya watu wawili na yeye alifanya peke yake. Malipo yalikuwa ugali. Kulikuwa na tundu kwenye bati la geti, na mara mbili aliona kwa tundu hilo askari akipita barabarani, hatua kumi na tano tu kutoka kwake. Mara zote mbili alirudi nyuma taratibu asisikike akipumua. Hakutaka kufungwa ugenini.

Miezi saba aliishi hivyo, akijificha kwa bidii asikamatwe na nchi yake mwenyewe. Godauni lilikuwa Tunduma, upande wa Tanzania. Kibemba na kwacha pale mpakani havina upande.

Oktoba, siku ya soko Itumba, Loisi aliinama kwenye gunia la mahindi la mchuuzi aliyetoka Tunduma. Hakuwa na mpango wa kununua gunia zima. Kidole chake, kwa mazoea ya miaka thelathini, kikaenda chenyewe kwenye sikio la kushoto kikakuta mkia wa uzi umejificha mahali pake. Alikaa chini palepale kwenye matope. Mchuuzi alidhani ni presha, akamletea maji. Loisi akanywa maji, akalinunua gunia kwa pesa za mbolea, akauliza lilikotoka. Hakulifungua. Siku ya nne alikuwa mbele ya geti la chuma pamoja na polisi wawili na Imelda, afisa ustawi wa jamii.

Nikodemo alipotolewa, neno lake la kwanza kwa mkewe lilikuwa, "Mama Edson, umevukaje mpakani?"

"Mpaka upi?" Loisi akamuuliza.

Baadaye Imelda alikaa naye na fomu. Kwenye fomu palikuwa na neno mhanga, na alipolisoma kwa sauti Nikodemo aligeuka nyuma kuona nani ameingia. Imelda alimweleza kwa utaratibu, kidole kwenye karatasi. Kwamba alichofanyiwa ni usafirishaji haramu wa binadamu. Kwamba kukubali kwake kupanda lori hakuhesabiki, maana alikubali uongo. Kwamba hatashitakiwa kwa kuvuka mpaka, hata kama kweli angeuvuka. Kwamba akitaka, anaweza kuomba atoe ushahidi faraghani. Kwamba mahakama ikimtia hatiani Gibson, inaweza kumwamuru amlipe fidia. Na kwamba kesi hii si ya kuyamaliza nyumbani, kwa sababu anayeshitaki si Nikodemo, ni Jamhuri.

Nikodemo alilitafakari hilo kwa muda mrefu. Jamhuri ambayo haikuwahi kufika kwake hata daraja liliposombwa, sasa ilikuwa inagombana na mtu kwa ajili yake.

"Na mimi kazi yangu ni ipi?" aliuliza.

"Kusema kweli tu, baba."

Aliona ni kazi nyepesi. Hakuwa amekutana bado na wakili wa utetezi.

*

Wakili wa utetezi alikuwa na sauti ya kuhubiria uwanjani. Hakuwa mtu mkorofi. Aliuliza kwa upole, jambo ambalo ni baya zaidi.

Je, Mzee Nikodemo ana akili timamu? Anazo. Amesoma? Darasa la saba. Anaifahamu bendera ya Tanzania? Anaifahamu. Na miezi saba, mtu mzima mwenye akili timamu na darasa la saba, hakujua yupo nchi gani?

Watu walicheka. Hata askari wa mlangoni aliangalia dari. Nikodemo alisubiri wamalize, akajibu kwamba ndani ya ua hapakuwa na bendera.

Utetezi wenyewe ulikuwa mfupi. Gibson ni mcha Mungu. Oktoba alimkuta mzee mgonjwa kando ya barabara kuu, akampa hifadhi kwa siku sita. Siku sita hizo mzee alilala na kula. Kazi hakufanya, uzi hakugusa, kwa kuwa godauni lina mashine ya umeme ya kushonea. Wale wenzake wawili walikwisha rudi kwao, na hawakuonekana mahakamani. Ilibaki siku sita za hisani dhidi ya miezi saba ya utumwa, na kati yao mdomo wa mzee mmoja tu.

Ndipo Diana akasimama, akaomba Mahakama iruhusu shahidi ashone gunia.

Wakili wa utetezi alipinga. Alisema kushona gunia anajua kila mtu nchini, na kama hilo ndilo kosa basi nusu ya mkoa washitakiwe. Hakimu, mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, aliyekuwa akihamishwa mwisho wa mwezi na alitaka faili hili limalizike kabla, alimtazama Diana, akalitazama gunia lililofuliwa, akaandika, akasema, "Ashone."

Mahindi yalikuwa ya Mama Enesi, anayepika mkabala na mahakama. Alikuwa ameyatoa kwa sharti kwamba yarudi debe mbili kamili kabla ya saa kumi, na alikuja mwenyewe kukaa nyuma ili ayaone. Gunia likajazwa hadi katikati, mdomo ukakusanywa. Sindano ilikuwa ya Nikodemo mwenyewe, ndefu, iliyopinda kidogo kwenye ncha. Loisi alikuwa ameibeba kwenye mkoba tangu Itumba bila kuambiwa na mtu.

Alipiga goti. Akalikumbatia gunia kwa mkono wa kulia, na wa kushoto ukaanza.

Hapakuwa na la kuona, mtu anashona gunia, lakini watu waliangalia kama wanaangalia upasuaji. Sindano iliingia, ikatoka, uzi ukafuata ukilia kidogo kwenye nailoni. Mishono ilitoshana. Mabega yake, ambayo kizimbani yalikuwa yameinama, yalishuka yakatulia. Alifika pembe ya kushoto, akakunja sikio kwa nyuma mara mbili, akafanya kitu kwa kidole gumba ambacho hakuna aliyekiona, akakata uzi kwa meno. Mkia ukapotea.

"Ndiyo hivyo," alimwambia Hakimu.

Gunia likaachwa palepale, limeegemea meza ya karani. Jamhuri ikafunga ushahidi wake. Hakimu akasema mshitakiwa ana kesi ya kujibu, na atajibu leo.

*

Gibson alijitetea baada ya chakula. Alieleza siku sita, akaeleza uji aliompa mgonjwa, akaeleza hata ulikuwa uji wa ulezi. Kisha akaitwa shahidi wake wa mwisho, Shadrack, msimamizi wa godauni.

Shadrack alikuwa amekaa nje tangu asubuhi, kama sheria inavyotaka kwa shahidi ambaye zamu yake haijafika. Hakuona gunia likishonwa. Alikuwa kijana mpana, mwenye shati lililobana, aliyechoka kusubiri. Aliapa. Akasema siku sita. Akasema mashine ya umeme. Akasema mzee alilala tu, hajawahi kumwona ameshika sindano. Aliyasema vizuri, bila kukwama popote.

Diana alisimama kumhoji, akauliza mambo mawili matatu yasiyo na uzito. Mashine ni ya rangi gani? Bluu. Umeme ukikatika? Wanasubiri. Wakili wa utetezi aliangalia saa. Nikodemo, kwenye benchi la mbele, aliangalia viatu vya shemeji.

"Basi sina swali lingine," Diana alisema, akaanza kukusanya karatasi. "Ila, Mheshimiwa, kabla shahidi hajashuka. Haya mahindi ni ya mama wa watu, na yanadaiwa saa kumi. Naomba shahidi, kwa kuwa ndiye mwenye uzoefu wa magunia hapa, atufungulie."

Hakimu akainua uso. Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini.

"Fungua, kijana," alisema.

Juu ya meza ya karani, karibu kabisa na gunia, palikuwa na kisu cha kukatia bahasha. Shadrack hakukitazama. Alishuka kizimbani kwa hatua za mtu anayetaka kwenda nyumbani, akalishika gunia kiunoni, akalizungusha. Sikio la kulia akaliacha. Akalikamata la kushoto, akalikunjua kwa nyuma, mara moja, mara ya pili, akatia kidole cha shahada ndani ya mkunjo akakitoa na mkia wa uzi. Akauzungusha kidoleni. Akavuta.

Uzi wote ukatoka mara moja, mzima, kwa ule mlio kama wa kitambaa kinachochanika mbali. Gunia likafunguka.

Shadrack alikuwa bado anauviringa uzi kwenye vidole vinne, kama alivyozoea kufanya ili utumike tena, alipoona watu wote wanautazama mkono wake. Akamtazama Gibson. Gibson alikuwa amefumba macho, kama anayesali. Akautazama uzi. Mkono wake ukaendelea kuviringa duru moja, na nyingine, halafu ukasimama.

"Nani alikufundisha kufungua hivyo?" Diana aliuliza.

Wakili wa utetezi alikuwa tayari amesimama, lakini pingamizi halikumjia haraka, na akabaki hivyo, mkono mmoja hewani.

"Haya magunia yake yote yako hivi," Shadrack alisema mwishowe, kwa sauti ndogo.

Hakimu alikuwa anaandika. Aliandika muda mrefu, na kalamu yake ilisikika hadi mlangoni. Alipomaliza alisema uzi upokelewe kama kielelezo, gunia vilevile, na mtu yeyote asiviguse. Hukumu tarehe ishirini.

Gunia, lililokuwa limeachiwa bila mshikaji, likainama upande taratibu na kulala. Mahindi yakamwagika, yakatawanyika sakafuni mpaka chini ya kizimba, mpaka kwenye viatu vya Gibson. Mama Enesi aliguna kule nyuma.

Kabla ya mtu mwingine kujongea, Nikodemo alikuwa amekwisha piga magoti. Alikuwa anayakumba mahindi kwa viganja viwili, haraka, kichwa chini, mabega yameinama tena, akianzia chini ya kizimba.

"Mzee Nikodemo," Hakimu alisema. "Acha. Hiyo si kazi yako."

Mikono ikasimama, imejaa. Aliinua uso akamtazama Hakimu, halafu askari, halafu gunia lililolala, ambalo sasa lilikuwa mali ya Mahakama na halikuruhusiwa kuguswa. Alitafuta mahali pa kuyaweka mahindi asipaone. Akabaki amepiga magoti katikati ya korti, viganja juu, akichunga punje moja isidondoke.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, Loisi alikuwa amekwisha kaa chini na kutandaza kitenge mapajani, anamngoja.